Niliinua Bendera Moja

Shule ya wasichana, Shinyanga
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia jambo ambalo, ukimwacha mwenyewe aliyehusika, sijamwambia mtu yeyote, si Sista Moira mwalimu wetu, si wenzangu wa bwenini, wala padri kwenye kitubio. Siku ile ya fainali nilimwona aliyeugusa mpira. Nilimwona kwa macho yangu na ninamjua kwa jina. Huku wengine wote wanadhani niliona tu kwamba mpira umeguswa, ila sikuona umeguswa na nani. Nimewaacha wadhani hivyo.

Nimeweza kukuandikia hili kwa sababu Mama Shija wa dagaa, aliponiletea ujumbe wako, aliniambia pia kwamba umemaliza kisomo cha watu wazima na sasa unasoma mwenyewe. Baba, nilifurahi mpaka nikamshika mikono yote miwili pale sokoni, nusura nimwage dagaa zake. Miaka yote barua zangu umezisikia kwa mdomo wa mdogo wangu Mabula, na Mabula unamjua. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni wanalijua mpaka wanaochota maji kisimani. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako wewe mwenyewe. Nimeandika herufi kubwa na nimeacha nafasi kati ya mistari. Ukichoka pumzika, halafu endelea. Usimpe Mabula aimalizie.

Hamjambo wote hapo nyumbani? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado unavimba akisimama sana? Pamba mmeshaipeleka yote au mnaendelea kuchuma? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima sasa. Mwezi uliopita malaria ilinilaza zahanati, nikapewa vidonge vichungu vya kunifanya masikio yavume, lakini yamepita. Maji ya bomba yamekatika tena, kila alfajiri tunakwenda lamboni na ndoo kichwani, na tukirudi tunakuta uji umeshapoa. Shamba la shule nalo linatusubiri kila mchana. Ninayavumilia hayo yote. Ninachokuandikia ni kingine.

Nije kwenye ujumbe wako. Mama Shija aliusema kwa sauti yako kabisa. Nadhani alikuwa ameurudiarudia njia nzima juu ya lori, tangu Nkome alikopakia dagaa mpaka hapa. Alisema hivi: "Baba yako anasema, watu wote waliona goli, wewe peke yako ukasema si goli. Tangu lini mtoto mmoja akawakataa watu wote? Mzee Lugembe ameona aibu kwa ajili ya binti yake. Ameitundika ngoma yake ukutani na amesema hatampigia baba yako tena mpaka wewe uombe radhi. Likizo ukirudi, utakwenda kwake, utapiga magoti, utaomba radhi. Usipotaka, msimu huu usikanyage uwanja tunaochezea ngoma."

Alipomaliza akarudia sauti yake mwenyewe. "Ng'wanike, binti wee, kwani wewe ulikuwa unaangalia nini huko?"

"Nilikuwa naangalia mpira, mama."

"Ndio huo mpira wenye umbo la yai?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana," akasema, akawageukia wateja wake.

Baba, najua haukuwa ujumbe mwepesi kwako kuutuma. Wewe ni ningi, kiongozi wa ngoma, unatangulia mbele na kundi zima linafuata miguu yako. Lakini bila ngoma ya mzee Lugembe, miguu yako itafuata nini? Msimu umefika, mavuno yanaisha, na mpigaji wako amekaa nyumbani kwa sababu yangu. Nimelifikiria hilo kila siku tangu Mama Shija aondoke.

Hata hivyo sitaomba radhi. Naliandika mapema ili usisome barua yote ukitegemea kuikuta radhi mwishoni. Sitaomba radhi kwa mzee Lugembe, wala kwa Nkamba binti yake, wala kwa bweni langu. Soma kwanza, halafu ukasirike ukitaka.

Mpira wenyewe hujawahi kuuona, kwa hiyo nitakueleza. Sio ule anaoupiga Mabula wa matambara. Sista Moira aliuleta kutoka kwao Australia. Amekulia nyumba yenye kaka wengi, na kila walipopungukiwa mchezaji walimwingiza yeye, hata akiwa amevaa gauni la Jumapili. Alipofika hapa akaona wasichana wa Kisukuma wanavyobeba ndoo na kukimbia nazo, akasema hawa wataucheza. Tukaucheza. Unadaka, unapiga kwa mguu, unakimbia ukiudunda, na ukiudaka kutoka hewani hakuna anayeruhusiwa kukubughudhi mpaka uupige.

Siku moja mvua ilitukwamisha darasani, Sista akatusimulia fainali aliyoiona akiwa mdogo katika mji wao, amekaa juu ya mabega ya kaka yake. Uwanja ulikuwa tope tupu na watu walikuwa wengi kuliko wote wanaokaa Shinyanga mjini. Mwisho wa mchezo mpira mmoja ukapita kati ya nguzo, watu wakarusha kofia, na mwamuzi, mzee mwenye koti jeupe, akaonyesha kwamba umeguswa. Sista anasema mpaka leo ukiingia dukani mtaani kwao ukautaja mpira ule, muuza mkate anaweka kisu chini abishane nawe kwanza.

Nkamba akamuuliza, "Na kweli ulikuwa umeguswa, Sista?"

Sista akacheka. "Mimi nilikuwa mbali, juu ya mabega. Aliyekuwa karibu ni yule mzee mwenye koti jeupe."

Siku ile wenzangu walitoka darasani wakitaka kuwa warukaji na wapigaji. Mimi nilitoka nikitaka kuwa yule mzee mwenye koti jeupe. Sikumwambia mtu, wangenicheka.

Sasa sikiliza vizuri, maana kesi yote iko hapa. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne zimesimama mstari mmoja. Mbili za katikati ni ndefu, mbili za pembeni ni fupi. Zetu tulizikata kwenye mikaratusi nyuma ya shamba. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile ndefu, ni goli, na goli lina pointi sita. Ukipita kati ya ndefu na fupi, ni pointi moja tu. Lakini mpira ukiguswa na mkono wa mtu yeyote kabla haujavuka mstari, hata mkono wa mchezaji wa timu ile ile iliyoupiga, si goli tena. Unakuwa pointi moja. Kwenye nguzo anasimama mwamuzi mwenye koti jeupe na bendera mbili. Likiwa goli anainua zote mbili. Ikiwa pointi anainua moja. Hana filimbi wala hazungumzi. Kazi yake ni kuangalia mstari.

Kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu sijui kudaka. Mpira ukinijia nafumba macho na kukunja shingo kama kobe. "Mpeni Nyanzala koti," wenzangu walisema, "si ndiye aliyekula kitabu cha kanuni?" Hawakukosea. Kitabu cha kanuni cha Sista nilikisoma chote, kamusi pembeni, kwa sababu vingine vya maktaba nilikuwa nimeshavimaliza. Koti tuliazima zahanati, likanifika karibu na vifundo vya miguu. Bendera Sista alizishona kutoka foronya kuukuu.

Bweni letu linaitwa Viktoria. Wenzetu wanaitwa Tanganyika. Nkamba wa mzee Lugembe yuko Viktoria pamoja nami, na kitanda chake kiko karibu na changu. Anavyoruka yule, Baba! Goti lake linafika kwenye bega la mwenzake, na akiwa kule juu unaona kama amesahau kushuka.

Fainali ilichezwa siku ya soko, wakati malori ya pamba inayokwenda kuchambuliwa jineri yamejaa barabarani. Wakaja wapagazi, wenye baiskeli, akina mama wa karanga, na wazee waliokuwa wakisubiri treni. Walikuja kuwacheka wasichana wanaolikimbilia yai. Hawakucheka muda mrefu. Mpishi wetu akaleta ngoma upande wa Viktoria, vijana wa jineri nao wakaleta yao upande wa Tanganyika, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Ni kosa la watu wa kwetu, Baba, nadhani watu wa Sista wasingelifanya. Watu waliposikia ngoma mbili, pande mbili, msimu wa mavuno, hawakuhitaji maelezo. Walijua hili ni shindano, na walijua mshindi anapatikanaje. Anayevuta watu wengi ndiye ameshinda. Ubao wa pointi haukuwa na mtazamaji.

Mwanzoni watu walikuwa wengi kwa Tanganyika, maana vijana wa jineri walipiga vizuri. Kipindi cha mwisho Nkamba akaanza kuruka. Kila akiruka mpishi anampokea kwa ngoma, akitua watu wanapiga vigelegele, na wale wa kule wakaanza kuvuka mmoja mmoja, kisha makundi, mpaka upande wa Tanganyika wakabaki watoto wawili na mbuzi aliyefungwa. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani, aliyesimama karibu na nguzo zangu, akasema, "Wale wengine wafungashe waende kwao. Hapa pamekwisha."

Kwenye ubao Viktoria tulikuwa nyuma kwa pointi tatu.

Zilikuwa dakika za mwisho kabisa, na bweni langu lilikuwa linashambulia nguzo ninazozilinda mimi. Msichana wetu wa katikati akaupiga mpira kutoka mbali. Ukaja juu, unajizungusha, umenyooka katikati ya nguzo ndefu. Walinzi wa Tanganyika waliushangaa tu, mikono imeshuka. Mpira ule ulikuwa unapita wenyewe. Haukuhitaji mtu. Kama kila mmoja angesimama alipo, tungepata sita na kombe lingekuwa letu.

Lakini ngoma ilikuwa inalia, Baba, na watu wote walikuwa wanaita, "Nkamba! Nkamba!"

Nkamba akaruka.

Aliruka kuliko siku zote. Mkono wake ulipanda mbele ya uso wangu, ukanyooka, ukaukosa mpira. Kila mtu aliona ameukosa. Mimi niliona kidole chake cha kati kinaukwaruza kwa chini, na mzunguko wa mpira ukayumba kidogo, kama pia ya watoto ikiguswa na unyasi. Halafu ukavuka mstari.

Sasa umelijua jina.

Watu walimwagika uwanjani. Walimbeba Nkamba juu, mpishi akaipiga ngoma kwa viganja na viwiko, wanawake wakatandika kanga chini ili apite. Katikati ya hayo yote mimi nikainua bendera moja.

Haikueleweka mara moja. Walidhani ya pili inakuja. Ilipokosekana, wakaanza.

"Wewe wa koti! Inua na ya pili!"

"Mkono umemchoka, mshikieni!"

"Huyu si wa Viktoria mwenyewe? Amerogwa?"

Kijana mmoja wa baiskeli alikuja akaninyang'anya bendera ya pili, ile ambayo sikuiinua, akaipunga mwenyewe juu ya kichwa chake, na watu wakashangilia upya kana kwamba goli limefungwa mara ya pili. Mimi nikabaki na yangu juu. Yule mzee wa kofia akanisogelea. Hakunitukana, alinionea huruma kweli.

"Mjukuu wangu, tazama. Watu wote wako huku. Kule hakuna mtu. Sasa atashindaje asiye na watu?"

"Babu, mpira umeguswa."

"Umeguswa na nani?"

"Umeguswa, babu."

"Lo! Mtoto mgumu huyu," akasema, akawaambia wenzake, "Ana jicho moja na sisi tuna mia, lakini la kwake ndilo linaloona."

Wakacheka. Baba, wewe unanijua. Nikisoma somo kanisani sauti inakatika. Nikiitwa ubaoni natokwa jasho mpaka chaki inalowa. Siku ile mkono wangu ulibaki juu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wengi kuliko niliowahi kuwaona, wote wamenikasirikia, na ndani yangu kulikuwa kumetulia kabisa, kwa sababu nilichokijua nilikuwa nakijua.

Sista Moira alipita katikati ya watu, gauni limejaa vumbi. Aliniuliza neno moja tu.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Sista."

"Basi shusha mkono. Nimeiona." Akaenda ubaoni akaandika pointi moja, kengele ikagongwa, tukawa tumeshindwa kwa pointi mbili. Watu hawakuondoka na habari hiyo. Waliondoka wakiimba kwamba Viktoria wameshinda na mtoto wa koti amewaibia, na wimbo huo bado unaimbwa huko jineri. Nimeusikia mwenyewe nikienda sokoni.

Bwenini hawaniiti tena jina langu. Wananiita Tanganyika. "Tanganyika, bweni lako liko kule." "Tanganyika, hii si ndoo yako." Nikiamka nakuta ndoo imepinduliwa na maji yamelowesha viatu. Nakwenda lamboni mara ya pili, basi. Sijalia mbele yao. Sitakudanganya kwamba sijalia kabisa.

Nkamba alinifuata kwenye karo la kufulia, hapakuwa na mtu mwingine.

"Uliniona," akasema.

"Nilikuona."

"Hata mimi mwenyewe nilihisi kidogo tu. Kama nyuki amepita." Akatazama kile kidole. "Mbona hukunitaja?"

"Kanuni inasema niinue bendera. Haisemi nitaje mtu."

"Basi waambie aliyegusa ni wa Tanganyika. Yule mrefu wao alikuwa karibu. Hawatakuuliza zaidi, Nyanzala. Kushindwa tumeshashindwa, lakini wewe watakuacha upumue, na mimi pia nitapumua."

"Yule mrefu hakugusa."

"Ataumia nini? Wao si wameshinda?"

"Hakugusa."

Akalichovya gauni lake majini. Kisha akasema, "Baba yangu ameshapata habari kwamba tumenyang'anywa."

"Nani amempa?"

Alikamua gauni lake mpaka likaisha maji, akaendelea kulikamua.

Kwa hiyo unajua sasa ni nani aliyeituma habari nyumbani na kwa nini ngoma iko ukutani. Najua pia kwamba ukivuka tu kijito ukamwambia mzee Lugembe aliyegusa ni binti yake, ngoma itashuka ukutani jioni hiyo hiyo. Hata mimi nikilitaja jina hapa bwenini, kesho ndoo yangu itakuwa wima. Sikukuandikia ili ulitumie, Baba. Nkamba aliruka kwa sababu watu walimwita, na wewe unajua zaidi yangu ilivyo mtu kuitwa na ngoma ikilia. Simwoni kama mkosaji wa kuaibishwa mbele ya kijiji. Aliyoyasema baadaye ni yake, atayasema mwenyewe akiwa tayari. Nimekuambia kwa sababu wewe ni baba yangu, na sitaki ulale ukijiuliza kama labda niliona vibaya. Sikuona vibaya. Jina nakuomba ulifunge.

Umeuliza tangu lini mtoto mmoja akawakataa watu wote. Nimetafuta jibu wiki nzima na nimelipata.

Unakumbuka mlipokwenda kushindana Nkome? Nilikuwa bado shule ya msingi. Mama alinichukua mimi na Mabula. Mlikuwa mmevuta watu wengi, mpaka wenzenu wa upande wa pili walipomtoa chatu kwenye kikapu. Watu wote wakakimbilia kule. Mabula naye alikimbia, na sikumlaumu, hata mimi nilitamani. Kwenu tukabaki Mama, mimi, na mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika dagaa na hata hakuwa anatazama. Kwa sheria ya ngoma mlikuwa mmeshashindwa. Wenzako wakaanza kuvua njuga. Wewe hukuvua. Uliimba wimbo wako mpaka ubeti wa mwisho, ukafika kwenye ile hatua ya kugeuka huku umechuchumaa, ambayo wengine huikatisha wakichoka, ukaimaliza sawasawa mbele ya Mama na mimi. Na mzee Lugembe alikupigia mpaka mwisho bila kupunguza pigo hata moja. Njiani nilikuuliza, "Baba, mbona uliendelea na watu wameondoka?" Ukaniambia, "Hatua ilikuwa haijaisha."

Ngoma ni ya watu, na watu wakisema mwingine ameshinda, ameshinda. Sibishani na hilo, ndivyo tulivyo. Mpira wa Sista ni wa mstari, na penye mstari palikuwa na mtu mmoja, mimi. Lakini kusimama peke yangu watu wakiwa wameondoka sikufundishwa na Sista wala na kitabu. Unauliza tangu lini. Tangu Nkome, Baba.

Likizo nitakuja. Siku nitakayofika nitakwenda kwa mzee Lugembe, nitapiga magoti nimwamkie kama ninavyomwamkia siku zote, kwa kuwa ni mzee wangu na kwa kuwa alikupigia siku ile. Kisha nitasimama. Akiniuliza, nitamwambia mpira uliguswa. Kama bado utasema nisikanyage uwanja wenu, nitakaa ng'ambo ya barabara, mahali ninapoweza kuona miguu yako.

Nisalimie Mama, mwambie asichote maji na mguu ule, Mabula ana mikono. Nisalimie Mabula mwenyewe, na mwambie asikasirike kwamba safari hii barua haikupita kwake. Bibi mzaa Mama, aliyenifundisha kusuka nyungo, mwambie ungo wake ndio tunaopetea mchele wa sikukuu hapa shuleni. Shangazi wa Rwamgasa, mwambie nguo alizonipa bado zinanitosha. Mke wa mzee Lugembe, aliyenitunza Mama alipolazwa, msalimie kwa jina langu bila woga. Na mwalimu wako wa kisomo, simjui, lakini mwambie wabeja sana, asante nyingi, kutoka kwa binti yako.

Nilikuwa nimefika hapo kengele ya michezo ikalia, nikaiweka barua chini ya godoro. Sasa ni jioni, naongeza machache.

Leo mabweni yetu yamecheza tena, mara ya kwanza tangu fainali. Sista aliweka koti na bendera juu ya meza akasema anayeitaka kazi achukue. Hakuna aliyesogea. Nikachukua. Nilipofika kwenye nguzo zangu, wasichana wa Viktoria waliokuwa wamekaa pale walinyanyuka, wakakunja kanga zao, wakahamia mwisho wa kule wakiimba ule wimbo wa jineri. Upande wangu hakubaki mtu. Nilifunga vifungo vya koti, nikashika bendera moja kila mkono, nikasimama kwenye mstari. Mpira haukuja mara nyingi. Ulipopita pembeni niliinua moja. Mara moja Nkamba aliupiga kutoka mbali, ukapita katikati ya zile ndefu na haukuguswa na mtu, nikainua mbili. Alisimama akanitazama, halafu akakimbia kurudi katikati. Mchezo ulipokwisha nilivua koti, nikalifua, nikalianika kwenye kamba nyuma ya zahanati. Sasa naifunga barua nimpelekee Mama Shija, aliyerudi sokoni leo, kabla lori lake halijaondoka.

Ni mimi binti yako,
Nyanzala